Mlango Niliodhani Nimeufunga

Mwezi uliopita, katika semina ya mbinu za utafiti, mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliwasilisha pendekezo lake la utafiti kuhusu wanawake wanaofanya kazi za ndani. Kazi yake ilikuwa nzuri. Mwishoni aliambatisha fomu ya ridhaa, na ndani ya fomu hiyo kulikuwa na sentensi ambayo nimeisoma mara nyingi kupita kiasi: taarifa zako zitatunzwa kwa usiri mkubwa. Nikamwuliza zitatunzwa wapi. Akajibu kwa kujiamini, "Kwenye folda yangu ya mtandaoni, Dokta." Nikamwuliza ni nani mwingine anayeweza kuifungua. Akasema hakuna. Nikamwuliza amejuaje. Akanyamaza, na darasa zima likanyamaza pamoja naye.

Sikukusudia kumfedhehesha. Swali hilo nililipuuza mimi mwenyewe nilipokuwa na umri unaokaribiana na wake, na watu ambao wangelipa gharama ya uzembe wangu walikuwa wanakijiji walioniamini. Katika ukurasa huu nimeandika mara nyingi kuhusu uwajibikaji wa wabunge, wakurugenzi na watendaji. Haki inanitaka siku moja niandike kuhusu wangu. Naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ili kulieleza kosa lenyewe sina budi kueleza kidogo jinsi mashine zinavyotunza faili, na nitajitahidi nisimwache mtu njiani.

Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani. Utafiti wangu ulihusu migogoro ya ardhi ya vijiji hapa kwetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie kabla halmashauri ya kijiji haijagawa ardhi. Mimi nilitaka kujua jinsi mihtasari ya mikutano ambayo wanakijiji wanaapa kuwa haikufanyika inavyoweza kuwepo, imeandikwa vizuri na kugongwa mihuri. Nilikaa miezi mitano katika vijiji vitatu, nikawahoji watu 43. Wengi walizungumza kwa sauti ya chini, wakichungulia dirishani.

Namkumbuka zaidi bibi mmoja mjane aliyepoteza ekari nne. Nilipomaliza kumsomea fomu ya ridhaa, aliisukuma karatasi pembeni. "Mjukuu wangu," akasema, "mimi sijui kusoma hayo. Wewe niambie kwa mdomo wako. Haya nitakayokueleza yatamfikia mtendaji?" Nikamwambia, "Hayatamfikia, Bibi. Nitakayeyasikia ni mimi na mwalimu wangu tu." Akakubali. Alinitajia majina, tarehe, na nyumba ambamo sahihi zilitiwa usiku. Niliporudi chuoni nilinakili maneno yake yote, nikalihifadhi faili na, kwa ujinga ambao hadi leo unaniumiza, nikaliita kwa jina lake kamili na jina la kijiji chake. Vivyo hivyo nikafanya kwa wale wengine 42.

Mahali nilipoyahifadhi palikuwa mfumo unaoitwa AFS, yaani mfumo wa faili wa Andrew. Historia yake ni ya kuvutia. Mwaka 1982 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, katika mji wa Pittsburgh, kilikubaliana na kampuni ya IBM kujenga mazingira ya kompyuta ambayo kila mwanafunzi na mwalimu angeyatumia. Mradi huo ukapewa jina la Andrew, kwa kuwakumbuka Andrew Carnegie na Andrew Mellon, ambao majina yao ya ukoo ndiyo jina la chuo. Miongoni mwa wataalamu walioubuni mfumo wa faili alikuwa Mahadev Satyanarayanan. Walitaka mtu aketi mbele ya kompyuta yoyote katika chuo na kuzikuta faili zake zilezile, kana kwamba ziko ndani ya mashine iliyo mbele yake. Mwaka 2000 IBM ilitoa hadharani msimbo wa mfumo huo, ukaendelea kutunzwa kwa jina la OpenAFS, na vyuo na taasisi nyingi za utafiti katika Ulaya na Marekani vikautumia kwa miaka mingi.

Unavyofanya kazi ni hivi. Faili hukaa kwenye seva, na kompyuta ya mtumiaji hujiwekea nakala ya muda ya kile inachokisoma. Seva huiahidi kompyuta hiyo kwamba faili likibadilika itaarifiwa. Faili za mtu mmoja hukusanywa katika fungu liitwalo volyumu, na msimamizi anaweza kuihamisha volyumu kutoka seva moja kwenda nyingine bila mwenyewe kutambua lolote. Kila taasisi ina himaya yake iitwayo seli, na seli zote huonekana chini ya jina moja la mwanzo, /afs. Mtu aliyeketi Stockholm anaweza kuandika njia inayoanzia hapo na kuingia katika seli ya chuo kilichoko Marekani, mradi tu apewe ruhusa.

Ruhusa ndilo neno lililoniponza. Katika AFS kila folda ina orodha ya ruhusa: fulani anaweza kusoma, fulani anaweza kuandika, kundi fulani lizuiwe. Ruhusa ziko saba: kusoma, kuorodhesha, kuingiza, kufuta, kuandika, kufunga faili kwa muda, na kusimamia orodha yenyewe. Miongoni mwa makundi yanayoweza kutajwa katika orodha hiyo limo moja liitwalo system:anyuser. Maana yake ni mtu yeyote anayeweza kuifikia seli hiyo, awe na akaunti au asiwe nayo, awe chuoni au upande wa pili wa dunia.

Tena folda mpya inapoundwa hurithi orodha ya folda mama, na urithi huo hufanyika mara moja tu, siku ya kuzaliwa. Baada ya hapo kila folda hushika njia yake. Ukibadilisha ruhusa za mama, za watoto hubaki kama zilivyokuwa. Na ukimhamisha mtoto kutoka kwa mama mmoja kwenda kwa mwingine ndani ya volyumu ileile, huondoka na orodha aliyozaliwa nayo.

Kabla sijaja nyumbani kufanya utafiti, msimamizi wangu alikuwa likizo ya kitaaluma katika chuo kingine na hakuwa na njia ya kuingia kwa akaunti yake. Ili asome mwongozo wangu wa mahojiano, niliunda folda niliyoiita utafiti ndani ya folda yangu ya hadharani. Mwongozo haukuwa na siri. Niliporudi na mahojiano yangu, Oktoba 2011, nikaitoa folda hiyo hadharani, nikaihamishia katika eneo langu binafsi, kisha nikatoa amri ya kawaida ya Unix inayowafungia watu wote isipokuwa mwenyewe. Nikaitazama orodha ya faili. Mashine ikanionyesha herufi zile zinazojulikana kwa kila mtu aliyewahi kutumia mfumo huo: mwenyewe ana haki zote, kundi halina, wengine hawana. Nikaridhika. Ndani yake nikaunda folda za vijiji, na ndani ya hizo folda za kila mhojiwa.

Nisichokijua ni kwamba AFS haizijali herufi hizo kwenye folda. Inazipokea, inazihifadhi, inakuonyesha ukiuliza, lakini katika kuamua nani aingie inaitazama orodha yake yenyewe. Na orodha ya folda yangu ilikuwa bado ile ya siku ya kuzaliwa, nayo ilimruhusu system:anyuser kuorodhesha na kusoma. Zile folda za vijiji na za wahojiwa zote ziliirithi. Eneo langu la juu lilimruhusu kila mtu kuorodhesha, kama ilivyokuwa desturi ya mahali pale, ili watu waweze kuifikia folda ya hadharani. Kwa hiyo njia ilikuwa wazi tangu barabarani hadi chumbani.

Wakati huo nilikuwa nimekwishaandika sura nzima ya tasnifu nikieleza tofauti kati ya sheria iliyobandikwa ukutani na utaratibu unaofuatwa kwa kweli ofisini. Nilikuwa nimeonyesha jinsi muhtasari uliogongwa muhuri unavyoweza kusema mkutano ulifanyika wakati haukufanyika. Usiku niliandika hayo, na faili nilizoyaandikia zilikuwa nyuma ya muhtasari wa aina hiyohiyo.

Niligundua kwa bahati. Februari 2012 nafasi yangu kwenye seva ilijaa, kwa sababu rekodi za sauti ni nzito. Mwenzangu mmoja aliyekuwa akisomea sayansi ya kompyuta alikubali kunisaidia kutafuta ni folda zipi zilizokula nafasi. Akasema tusihangaike kubofya moja moja. Tuandike skripti fupi kwa lugha ya Python, iizungukie kila folda na kuiuliza maswali.

Sikuwa nimewahi kuandika programu. Aliniketisha mbele ya kibodi, yeye akawa anasema, mimi naandika. Skripti ilikuwa na mistari isiyozidi 30. Ilianzia kwenye folda yangu ya juu, ikashuka katika kila tawi, na kila ilipofika ilijumlisha ukubwa wa faili. "Na tukiwa hapo," akasema, "tuulize pia ruhusa. Haigharimu kitu." Akanifundisha kwamba Python inaweza kuiita amri nyingine ya mfumo, ikasubiri jibu lake, ikalichambua mstari kwa mstari. Amri tuliyoiita ni fs listacl, inayoiuliza seva orodha ya ruhusa za folda. Tukaiagiza skripti ichapishe jina la folda, ukubwa wake, na kila mstari wenye neno anyuser.

Kulikuwa na kasoro moja ambayo mwenzangu aliigundua mapema, nami nimeikumbuka tangu siku ile. Kifaa cha Python kinachotembelea folda kina desturi ya kunyamaza kikikuta folda kisichoweza kuifungua. Hakisemi nimezuiwa, kinaipita tu. Na katika AFS kitambulisho chako, ambacho huitwa tokeni, hukoma baada ya saa kadhaa. Kikikoma katikati ya kazi, skripti itaendelea kutembea, itapita folda zilizofungwa kimyakimya, na mwisho itakupa ripoti safi ya sehemu ya ukweli. Kwa hiyo tukaiagiza ipige kelele kila inapozuiwa. Alisema maneno ambayo nimeyarudia darasani mara nyingi: ripoti isiyotaja mahali ilipozuiwa usiiamini.

Tukaiendesha. Nilitarajia kuuona mstari mmoja wenye neno lile, wa folda ya hadharani. Ikatoka mistari mingi. Nikaanza kusoma majina ya vijiji, kisha majina ya watu.

Mwenzangu hakuelewa mara moja kwa nini nimenyamaza. Nikamwambia huenda skripti imekosea. Hakubishana nami. Akasema, "Tupa tokeni yako, kisha upite kama mgeni." Ipo amri inayofuta kitambulisho chako katika mashine uliyoketi, ukabaki mtu asiyejulikana. Nikaitoa. Nikajaribu kuifungua folda yangu ya barua, nikakataliwa. Nikajaribu folda ya utafiti, ikafunguka. Nikaingia kijiji cha pili, nikalifungua faili la yule bibi, nikaanza kusoma alivyonieleza nyumba ambamo sahihi zilitiwa usiku. Nilikuwa nayasoma nikiwa mtu yeyote wa dunia.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Tulirudisha tokeni, tukaifunga folda ya juu kwanza ili kuikata njia, kisha skripti ikazunguka tena kuliondoa lile kundi katika kila folda. Tukaiendesha mara ya tatu ili ihakikishe, na mara ya nne nikiwa mgeni. Nikavuta pumzi. Hapo mwenzangu akauliza kama mfumo wetu unatunza nakala ya jana.

Ulikuwa unatunza. Kila usiku AFS inaweza kupiga picha ya volyumu nzima kama ilivyo, ili mtu akifuta faili kwa bahati mbaya alikute la jana. Picha hiyo ilikuwa imeunganishwa katika eneo langu kama folda ya kawaida. Ni ya kusomwa tu, haibadilishwi, na hubeba ruhusa kama zilivyokuwa saa ilipopigwa. Nilikuwa nimeufunga mlango wa leo, na wa jana ulikuwa wazi, wala sikuwa na mamlaka ya kuugusa. Nikampigia simu msimamizi wa mifumo usiku ule. Alikuwa mtu mwema; aliamuru picha mpya itengenezwe juu ya ile ya zamani, na kwa muda usiozidi nusu saa jambo lilikwisha.

Nikamwuliza swali la mwisho: katika miezi hii minne, kuna mtu aliyezisoma? Akaniambia seva zao hazikuwekwa kuandika kumbukumbu ya kila anayesoma. Hakuna namna ya kujua. Kwa makisio yake hakuna aliyepita huko, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu. Alinifariji kwa nia njema. Lakini mimi nilikuwa na orodha ya watu wenye sababu. Walikuwa katika kurasa zangu, wametajwa kwa vyeo.

Msimamizi wangu wa tasnifu alipopewa habari alinitaka niiarifu kamati ya maadili ya utafiti, nami nikaiarifu kwa maandishi. Wapo wenzangu walioniambia kwa faragha kwamba ningeweza kunyamaza. Hakuna ushahidi kwamba kuna aliyedhurika, walisema, na ukiwaambia wanakijiji utawatia hofu ya bure. Nilizitafakari hoja hizo kwa siku kadhaa. Kilichonisumbua ni kwamba nilizifahamu. Nilikuwa nimezisikia kutoka kwa maofisa wa ardhi niliowahoji: wananchi wasiambiwe, watataharuki, mambo yenyewe yamekwisha rekebishwa, hakuna aliyelalamika.

Julai 2012 nikarudi. Katika watu 43 niliwapata 39. Wawili walikuwa wamehama, wawili wamefariki dunia. Nilimwendea kila mmoja nyumbani kwake na kumweleza, bila maneno ya kompyuta, kwamba niliahidi kuyafunga maneno yake, kwamba kwa miezi minne hayakuwa yamefungwa, kwamba sijui kama yupo aliyeyasoma, na kwamba ana haki ya kuniambia niyafute. Wengi walisema niendelee. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwa upole niyafute yake, kisha akanikaribisha uji. Niliyafuta. Ushahidi wake ulikuwa nguzo ya sura ya nne, na sura hiyo ilibaki dhaifu, hata watahini wakaniuliza kwa nini. Niliwajibu kwamba mwenye maneno ameyachukua.

Kwa yule bibi nilifika jioni. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Umerudi?" Nikamweleza. Alikuwa akichambua mchele, na hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akauliza, "Umejuaje kwamba mlango ulikuwa wazi?"

"Niliiuliza mashine, Bibi."

"Ikakujibu?"

"Ikanijibu."

"Siku ile ile?"

"Dakika ile ile."

Akaupeta mchele mara mbili tatu. "Sasa mbona hukuiuliza kabla hujaweka maneno yangu?"

Sikuwa na jibu, na leo miaka mingi imepita sijalipata. Skripti ile ilichukua jioni moja kuandikwa na dakika chache kuendeshwa. Seva ilikuwa tayari kunijibu tangu Oktoba; aliyekosekana ni muulizaji.

Naandika haya kwa sababu mazingira yamebadilika kuliko kosa lenyewe. Siku hizi ni nadra mtumishi wa umma kukutana na AFS. Lakini folda inayoweza kufunguliwa na "yeyote mwenye kiungo" ni system:anyuser kwa jina jingine, na kiungo husambazwa katika kundi la WhatsApp la idara lenye watu ambao baadhi yao walihama kituo miaka mitatu iliyopita. Nimeletewa na watu mbalimbali viungo vya majedwali yenye majina ya wagonjwa, ya wanufaika wa misaada, ya wanafunzi pamoja na namba za simu za wazazi wao. Aliyeunda jedwali hana nia mbaya. Alilifungua siku moja ili mwenzake aongeze safu moja, kama mimi nilivyoifungua folda ili mwalimu wangu asome mwongozo. Siku hiyo ilipita, na ruhusa ikabaki.

Sheria tunazo. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, inayomtaka anayeshikilia taarifa za watu amwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu alipojua kwamba zimevuja na kuna hatari ya kweli ya madhara. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ni hatua njema, na wanaharakati waliozipigania wanastahili heshima. Lakini mimi nilikuwa na fomu ya ridhaa iliyopitishwa na kamati, na herufi kwenye skrini zilizosema wengine hawana haki yoyote. Karatasi zangu zote zilikuwa sahihi. Anayesimamia sheria hizi asiridhike kuuliza taasisi kama ina sera ya faragha. Aombe aonyeshwe orodha ya nani anaweza kusoma nini, iliyotolewa na mfumo wenyewe siku hiyo, na mahali mfumo ulipokataa kujibu paandikwe. Na aulize kama kumbukumbu ya wasomaji inatunzwa, maana bila hiyo hakuna atakayeweza kumwambia mwananchi kilichotokea.

Kwa wanafunzi wangu na wanaharakati wanaokusanya shuhuda, nina ombi dogo zaidi. Msiyaite mafaili kwa majina ya watu. Hata pale mgeni anaporuhusiwa kuorodhesha tu bila kusoma, jina la faili limekwisha kumwambia nani alizungumza, na katika vijiji vingi hilo latosha. Jifunzeni lugha mojawapo ya skripti, walau kiasi cha kuuliza. Kisha mwombeni mtu asiye na ruhusa zenu ajaribu kuingia, au tokeni katika akaunti zenu mjaribu wenyewe. Mkubwa wa ofisi anayeingia kila mahali kwa kitambulisho chake hawezi kujua milango iko katika hali gani. Kila anapofika inafunguka.

Yule mwanafunzi wa semina alinijia ofisini siku mbili baadaye. Alikuwa ametoka katika akaunti yake na kukijaribu kiungo cha folda yake kwa simu ya dada yake. Ilifunguka. Alikuwa ameifungulia steshenari moja mwezi Machi ili wamchapie madodoso, akasahau. Kwa bahati njema hakuwa ameanza mahojiano, na ndani hamkuwa na jina la mtu. Aliniuliza kama aiondoe ile sentensi ya usiri katika fomu. Nikamwambia aiache, ila chini yake aongeze mistari miwili: taarifa zitakaa wapi, na ni nani hasa wataweza kuzifungua. Akauliza aandike pia lini ataangalia tena kama ni hao tu. Sikuwa nimelifikiria hilo. Tumekubaliana iwe kila Ijumaa.